Siku Tisini za Mama Nukta

Mamamkwe wangu alipiga chapa barua za watu wengine kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, kwenye chumba chenye mashine sita na dirisha moja lililogoma kufunguka, na humo ndimo alimopewa jina la Mama Nukta. Wakubwa walimletea barua walizoandika kwa mkono, naye kabla hajagusa mashine alizisoma, akarudi nazo hadi mezani kwao. "Mheshimiwa, hapa umemaliza au unapumua? Kama umemaliza, weka nukta." Wapo waliochukia. Lakini barua iliyopita mikononi mwake haikurudishwa na mtu, na mwishowe hata waliochukia wakawa wanangoja zamu mezani kwake.

Alifiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja. Binti huyo ndiye mke wangu. Nilipokwenda kuposa, Mama Nukta alinihoji saa nzima juu ya kazi yangu ya ufundi wa friji, mpaka nikahisi naomba ajira. Kisha akasema, "Haya, Fundi. Angalau kwako chakula hakitachacha." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa, na tangu siku hiyo hajawahi kuniita jina jingine.

Baadaye mimi na mke wangu tulihamia nchi nyingine kutafuta maisha. Tukapata mtoto wa kike, na Mama Nukta akawa bibi wa kwenye simu. Mjukuu alikuwa na miaka mitano bibi alipopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaja kututembelea kwa viza ya matembezi ya siku tisini. Alifika na sanduku moja, akaliegemeza ukutani, akatangaza, "Mimi ni mtalii. Mtalii haoshi vyombo." Dakika kumi baadaye alikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu, anamwambia mke wangu kwamba hii sufuria ina ukoko wa mwaka juzi.

Siku hamsini za kwanza zilikuwa za raha tu. Alitembea na mjukuu hadi maktaba, hadi bustani yenye bembea, hadi karakana yangu, ambako alikagua karatasi za wateja nilizobandika ukutani na kusahihisha tatu kwa kalamu nyekundu. Mke wangu alikuwa dereva wa basi la shule, na siku moja alimpakia mama yake kiti cha mbele, basi likiwa tupu, wakazunguka njia nzima. Mama aliporudi alivua viatu kwanza. Halafu akaniambia, "Fundi, wewe umeshamwona anavyokata kona lile gari? Mwanangu yule!"

Siku ya hamsini na mbili, mke wangu alirudi kutoka kazini akilalamika kwamba nyayo zinamchonyota. Kesho yake asubuhi alipanda basi uani pale kituoni, kabla hajapakia mtoto yeyote, akakanyaga breki asiisikie. Akazima injini, akatoa ufunguo, akampigia simu msimamizi wake: "Miguu yangu haipo." Siku ya tatu ya ugonjwa alishindwa kusimama. Siku ya nne ganzi ilipanda hadi kifuani, pumzi ikawa fupi, na hospitali wakamwingiza katika chumba cha wagonjwa mahututi wakamwekea mashine ya kupumulia.

Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu ya uchovu. Alituketisha kwenye benchi la korido akatueleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imemgeuka mwenyewe na kushambulia mishipa yake ya fahamu. "Akili yake iko sawasawa. Anasikia, anaelewa. Ila mwili hauitiki. Wengi hupona, lakini polepole. Wiki, pengine miezi."

Mimi nilikuwa nimeishiwa nguvu. Fundi nimezoea kitu kikiharibika nakifungua, naona palipovuja, naziba. Mama Nukta hakulia. Alitoa kitabu kidogo kwenye mkoba akaandika tarehe, saa na maneno ya daktari, kisha akamuuliza, "Daktari, 'pengine' hiyo ni ya kunituliza mimi, au ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Ahsante. Basi tunajua tulipo."

Tangu siku hiyo mtalii wetu hakutalii tena. Asubuhi alimwandaa mjukuu, mimi nikampeleka shule, yeye akaenda hospitali kwa miguu. Alimsugua mke wangu mafuta kwenye viganja na visigino, akamkunja na kumnyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyoelekezwa na nesi, huku akimsimulia habari za nyumbani: nani kaoa, nani kagombana na nani kwa sababu ya uzio. Mke wangu alimwangalia tu. Mrija mdomoni, mikono imelala kando, lakini macho yanamfuata.

Siku moja mama aliniomba kipande cha plastiki nyeupe. Nilimkatia kutoka kwenye mlango wa friji bovu. Akaandika juu yake herufi zote kwa kalamu nene, safu nne, akaenda nacho wodini. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: yeye anataja safu, mgonjwa anafumba macho mara moja kwenye safu anayoitaka, kisha anataja herufi moja moja, mgonjwa anafumba tena. Manesi waliguna. Siku hiyo nilikuwepo. Tulikaa kama dakika ishirini tukikusanya herufi, nikitarajia neno zito, labda la mapenzi, labda la kuaga. Herufi zilipokamilika zikasomeka: SOKSI ZINABANA.

Tulicheka hadi nesi akatuambia tupunguze sauti. Na mke wangu, ambaye uso wake haukuweza kutabasamu, alitoa machozi ya kicheko, nikajua huyu bado ni yuleyule.

Siku nne baadaye aliandika neno jingine, na hili halikutuchekesha. Aliandika: VIZA.

Mimi na mama tukatazamana. Katika mkanganyiko wote ule, mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Mama alifungua kitabu chake, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa siku ya sitini na sita. Zilibaki siku ishirini na nne, na mke wangu alikuwa bado hawezi kupumua bila mashine. Yaani aliyelala hoi bila hata kidole cha kusogeza ndiye aliyekumbuka jambo ambalo sisi wenye miguu yetu tulilisahau.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa jengo la ghorofa mbili, lenye viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni na mashine inayotoa vijikaratasi vya namba. Nje ya geti kulikuwa na bwana mmoja mwenye kibanda cha kupiga picha za pasipoti. Alimpiga mama picha, akamuuliza shida yake, kisha akashusha sauti.

"Mama, mimi niko hapa miaka mingi. Ukisema mgonjwa ni binti yako, watakuzungusha. Andika wewe mwenyewe ndiye unayeumwa. Presha, moyo, chochote. Mgonjwa hawezi kupanda ndege. Inapita siku hiyohiyo."

Nakiri, mimi nilishawishika. Nilianza hata kufungua mdomo. Mama alichukua picha zake nne, akazipuliza zikauke vizuri.

"Mwanangu, ahsante kwa kunitakia mema," alimwambia. "Lakini nina mgonjwa wa kweli. Nikiandika mgonjwa wa uongo, siku wakiniuliza yule wa kweli nitamweka wapi?"

Tukaingia. Tulijaza fomu, tukaambatanisha pasipoti, tiketi ya kurudia, mkataba wetu wa nyumba, cheti cha kuzaliwa cha mke wangu chenye jina la mama yake, na barua ya daktari. Karani wa dirisha la nne alisoma barua ile akairudisha chini ya kioo. Daktari, kwa haraka zake, alikuwa ameandika mistari miwili: kwamba mgonjwa amelazwa na hali yake inaendelea vizuri.

"Kama anaendelea vizuri," karani alisema, "mzazi anabaki kufanya nini?"

Nilitaka kugomba. Mama akanishika mkono.

"Fundi, tulia. Ana haki. Barua hii na mimi ningeirudisha."

Kesho yake tulimkuta daktari kwenye meza ya manesi, anakula biskuti amesimama. Mama alimwekea barua mbele. Daktari akashika kichwa.

"Mama, nina wagonjwa kumi na wanane. Andika wewe unachotaka, nitatia sahihi."

Wengine tungeshukuru tukakimbia. Mama Nukta alivuta kiti. "Sitaandika ninachotaka mimi. Nitaandika unachojua wewe. Nipe dakika kumi na hiyo kompyuta."

Nesi mkuu akatazama huku na huku, akampisha. Mama alivaa miwani, akaweka vidole juu ya vitufe, akamgeukia daktari badala ya kutazama kioo cha kompyuta.

"Ataondolewa mashine lini?"

"Tukijaliwa, wiki mbili au tatu."

Vidole vikaanza kutembea. Nilikuwa nimesikia sifa zake miaka yote, lakini sikuwahi kumwona kazini. Vidole kumi vyote, bila kuangalia hata kimoja, sauti kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Akitoka kwenye mashine, ataweza kula mwenyewe?"

"Hapana. Mikono itachelewa."

"Itachelewa mpaka lini?"

"Sijui."

"Basi naandika hujui. Kutembea?"

"Hilo nalo sijui. Miezi mitatu si mingi."

"Baba wa nyumba yuko kazini, mtoto ana miaka mitano. Je, hospitali ina mtu wa kumkunja viungo mara nne kwa siku kama ulivyoagiza?"

Daktari akasita. Akamtazama nesi mkuu. "Kusema kweli, hatuna. Mtu huyo ni wewe."

"Nukta," akasema mama, akaibonyeza.

Kufikia hapo manesi watatu walikuwa wamesimama nyuma yake na mmoja ameacha toroli la dawa katikati ya korido. Barua ilitoka kwenye printa ukurasa mmoja kamili, haina neno la kuomba huruma wala neno la ziada. Daktari aliisoma mara mbili. Alibadilisha kitu kimoja tu, jina la dawa, akatia sahihi na mhuri. "Mama," alimwambia, "ukibaki nchi hii, uje unisaidie ripoti zangu."

"Nisaidie kwanza nibaki," mama akamjibu.

Safari hii dirisha la nne lilipokea faili, likatupa stakabadhi yenye mhuri. Wiki moja baadaye tukaitwa ghorofani kwa mahojiano. Ilikuwa siku ya themanini. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, na meza yake ilikuwa safi kiasi kwamba nilijua mama atamheshimu. Aliniruhusu niketi, lakini akaniambia maswali si yangu.

Alisoma barua yote. Kisha akaiweka chini.

"Mama, viza yako ni ya matembezi. Mtalii haruhusiwi kufanya kazi. Hapa inasemekana unamhudumia mgonjwa mara nne kwa siku, na nyumbani unalea mtoto. Hii si kazi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nikaona ukweli wetu wote unatugeuka. Mama akamjibu.

"Afisa, mimi kazi naijua. Nimefanya miaka thelathini na mmoja. Kazi ina saa ya kuingia na saa ya kutoka, na mtu akikukera unaweza kuacha. Hii siwezi kuiacha. Yule nilimzaa."

Afisa aliandika kitu. "Kuna wauguzi wa kukodiwa."

"Wapo. Lakini mwanangu anaongea kwa kufumba macho, herufi moja baada ya nyingine. Ninayejua akifumba kwa kuchoka na akifumba kwa kusema ndiyo, ni mimi na mume wake. Na mume akiacha kazi, wataishi wapi?"

"Na akipona, una hakika utaondoka? Wengi huja kutembea wakahamia."

Hapo mama aliketi wima zaidi. Nilimfahamu vya kutosha kujua limemchoma.

"Mimi nina nyumba yangu, niliijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wa kupiga chapa. Nina majirani, nina kaburi la mume wangu la kupalilia. Sikuja hapa kwa kukosa pa kukaa. Ningetaka kujificha, nisingekufuata ghorofani. Ningekaa kimya tarehe ipite. Nimekuja ili jina langu likae mahali pake kwenye kitabu chako. Ukinipa siku, nitakaa kwa ruhusa. Ukininyima, nitafunga sanduku langu kabla ya tarehe. Nitaondoka na uchungu, lakini sitaondoka na kosa."

Afisa aliichukua tena barua. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Barua hii ya daktari, nani ameiandika?"

"Maneno ni yake," mama akasema. "Mkono ni wangu."

"Nilihisi. Madaktari hawaandiki hivi." Akafunga faili. "Utajibiwa."

Hakuna kitu kirefu kama neno "utajibiwa". Siku ya themanini na sita, mama alikunja nguo zake zote akaziweka kwenye sanduku. Nilimwuliza kwa nini anajikatia tamaa. "Sijakata tamaa. Nilisema nitafunga kabla ya tarehe. Nilisema mbele ya mtu." Asubuhi ileile akaenda hospitali kama kawaida, akamkunja mwanawe viungo, wala hakumwambia habari za sanduku.

Siku ya themanini na nane tuliitwa dirisha la nne. Karani yuleyule alipitisha pasipoti chini ya kioo, imefunguliwa kwenye ukurasa wenye mhuri mpya, wino bado mbichi. Siku tisini nyingine. Mama aliisoma yote, tarehe, mwezi, mwaka, akaniambia, "Hawajakosea kitu." Ndipo akaketi kwenye kiti cha chuma, akafunika uso na kitenge, akalia kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aanguke. Nilisimama kando yake kama mlinzi. Watu walipita na namba zao mkononi, nami nikawatazama kama ninayetaka kuwaambia wote: mnamwona huyu? Huyu ni mamamkwe wangu.

Mke wangu alitolewa mashine wiki hiyohiyo. Sauti ilirudi ikiwa ya mkwaruzo. Baadaye tulimpeleka nyumbani kwa kiti cha magurudumu, na mimi nikamtengenezea vyuma vya kushikia kutoka kitandani hadi bafuni kwa mabomba ya chumba cha baridi kilichobomolewa. Hapo ndipo mama alipoonyesha ukali wake wa zamani. Mke wangu alipolia kwamba amechoka, mimi nilikuwa wa kwanza kusema tumwache apumzike. Mama alinitoa chumbani. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nenda karakana." Nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia: "Inua. Tena. Hilo si goti, hilo ni ombi. Inua goti."

Kwa ajili ya vidole alimfundisha kupiga chapa. Utotoni mke wangu alikataa katakata kujifunza kazi ya mama yake. Sasa alikaa mezani na kompyuta ya zamani, mtoto wetu pembeni akimtajia maneno. Siku aliyoandika ukurasa mzima bila kosa, aliuchapisha akampa mama. Mama aliusoma na kalamu nyekundu mkononi, hadi chini, kalamu isiguse karatasi. Mke wangu alipiga kelele za shangwe kama kashinda mbio.

Mama Nukta aliondoka siku ya mia moja sitini na tisa, akiwa amebakiwa na siku kumi na moja za ruhusa. Tulimsihi azimalize. Alikataa. "Nilichoombea siku kimekwisha. Zilizobaki si zangu." Mke wangu alimsindikiza uwanja wa ndege akitembea kwa fimbo, kutoka maegesho hadi mlango wa wasafiri, na alikataa kushikwa mkono. Mimi nilibeba sanduku nyuma yao, nikiwaangalia wanavyokwenda bega kwa bega, mwendo mmoja, mmoja akimpunguzia mwenzake bila kuonyesha.

Miezi mitano baadaye daktari wa madereva alimpima mke wangu miguu, mikono na macho, akampa cheti cha kurudi barabarani. Jumatatu asubuhi nilikwenda kituoni kabla ya kazi. Alikaa kwenye kiti chake, akarekebisha vioo, akakanyaga breki mara tatu huku akinitazama dirishani, kila mara akiitikia kwa kichwa kwamba anaisikia. Kisha akawasha injini na kwenda kuwachukua watoto. Nilimpigia simu mama kumweleza. Akauliza amekata vipi ile kona ya getini.

"Kwa mkono mmoja, mama."

"Mwambie atumie miwili," akasema, lakini sauti yake ilikuwa inacheka.